Nyumba ya Majirani Katika Mji wa Chicago

Mji wa Chicago uko katika nchi ya Marekani, ufukoni mwa ziwa kubwa liitwalo Michigan. Mwaka 1840 wenyeji wake hawakufika 5,000. Miaka hamsini baadaye, yaani mwaka 1890, walikuwa wamepita 1,000,000. Hakuna mji ukuao namna hiyo kwa kuzaa tu. Watu walifika kwa meli na kwa gari la moshi kutoka Italia, Ugiriki, Ireland, Ujerumani, Urusi na Bohemia, wakitafuta kazi katika machinjio ya ng'ombe, katika viwanda vya chuma na katika viwanda vya nguo. Wengi wao kwao walikuwa wakulima. Walijua kulima, kufuga na kusokota nyuzi, lakini mambo ya mji mkubwa hawakuyajua, na lugha ya nchi hawakuifahamu.

Wageni hawa walikaa katika mitaa ya maskini, nyumba za mbao zikibanana, jamaa mbili au tatu katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamaa moja. Nyumba nyingi hazikuwa na maji ndani wala mfereji wa kuondoa maji machafu. Mmojawapo wa mitaa hiyo ulikuwa kando ya barabara ya Halsted. Katika sehemu yake ndogo, ambayo mtu angeweza kuizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana, walihesabiwa watu wa mataifa kumi na manane.

Katikati ya mtaa huo ilisimama nyumba moja kubwa ya matofali. Bwana Charles Hull aliijenga mwaka 1856, wakati mahali pale palipokuwa bado shamba nje ya mji. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago, lakini nyumba hii ilisalimika. Mji ukakua, ukaizunguka pande zote. Mwenyewe alihama, na nyumba ikawa mara makao ya wazee, mara duka la vyombo vikuukuu, mara ghala ya kiwanda cha meza. Upande mmoja palikuwa na duka la mtu wa kuzika maiti, na upande wa pili kilabu cha pombe. Tena ilisemekana kwamba darini mna pepo. Wapangaji wa juu walikuwa wakiweka mtungi wa maji kwenye ngazi ya darini, kwa kuwa pepo, ati, hawezi kuvuka maji.

Mwezi wa Septemba mwaka 1889 waliingia humo wanawake watatu: Bibi Jane Addams, rafiki yake Bibi Ellen Gates Starr, na Bibi Mary Keyser aliyeshika kazi za nyumba. Hawakuwa maskini. Bibi Addams alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois, na baba yake alikuwa mwenye kinu cha kusaga nafaka na mjumbe wa baraza la jimbo. Alikuwa amesoma sana, akaachiwa mali na baba yake, lakini kwa miaka minane baada ya kumaliza masomo hakuwa na kazi yoyote ya maana, kwa maana wanawake wa jamaa za namna yake hawakutazamiwa kufanya kazi. Jambo hilo lilimsumbua kuliko ugonjwa, na ugonjwa pia alikuwa nao, kwa sababu mgongo wake haukuwa mzima.

Mwaka 1888 alikwenda London, akatembelea Toynbee Hall, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1884 na kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta katika sehemu ya maskini ya mji ule. Vijana waliosoma katika vyuo vikuu walikaa humo pamoja na maskini, wakawafundisha jioni, nao wenyewe wakajifunza jinsi maskini wanavyoishi. Msomaji na aangalie neno hilo, kukaa. Matajiri wengi wa zamani hizo walitoa sadaka, wakaenda zao nyumbani. Hawa walikuwa jirani. Walinunua mkate pale pale, wakavuta hewa ile ile mbaya, na usiku walisikia kelele zile zile za njiani. Bibi Addams aliporudi Marekani alikuwa amekwisha kusudia kufanya vivyo hivyo. Bibi Helen Culver, aliyerithi nyumba ya Bwana Hull, akawapangisha kwanza, kisha akawapa waitumie bure. Kwa hiyo ikaitwa Hull House, yaani nyumba ya Hull.

Usiku wa kwanza, kwa furaha na machovu, walisahau kufunga mlango wa ubavuni unaoelekea njiani. Ukakaa wazi hata asubuhi. Hakikupotea kitu.

Walianza kwa mambo waliyoyapenda wenyewe: kusoma vitabu vizuri pamoja na jirani zao na kuwaonyesha picha walizonunua Ulaya. Wengine walikuja, wakapendezwa. Lakini upesi jirani waliwafundisha kazi iliyotakiwa zaidi. Waliitwa kuosha watoto waliozaliwa, kuwatunza wagonjwa, kuwatengeneza maiti kwa maziko, na kukaa na watoto ambao mama zao wamekwenda kazini. Hili la mwisho ndilo lililokuwa zito. Watoto vilema watatu wa kwanza waliowaona katika mtaa walikuwa wameumia wote wakati mama zao walipokuwa kazini. Mmoja alianguka kutoka dirisha la orofa ya juu. Wa pili aliungua moto. Wa tatu mgongo wake ulipinda, kwa sababu kwa miaka mitatu alikuwa akifungwa kutwa kwenye mguu wa meza ya jikoni. Saa sita mchana kaka yake alikuja mbio kutoka kiwandani, akamfungua, wakala pamoja, kisha akamfunga tena na kurudi kazini. Mama yule hakuwa mkatili. Hakuwa na mtu wa kumwachia.

Basi wakafungua shule ya watoto wadogo katika sebule, na baadaye mahali pa kuwalea watoto kutwa mpaka mama zao watoke kazini. Pakawa na masomo ya Kiingereza usiku kwa watu wazima, vyama vya wavulana na vya wasichana, mabafu ya kuogea, chumba cha picha, ukumbi wa michezo ya kuigiza, na shule ya muziki. Mvulana mmoja aliyepiga katika bendi ya nyumba ile, Benny Goodman, alikuja kuwa mpiga muziki mashuhuri wa Marekani. Katika mwaka wa pili watu walioingia kwa juma moja walikuwa kama 2,000. Ilipofika mwaka 1907 nyumba moja ilikuwa imekuwa majengo kumi na matatu.

Si kila jambo lililofaulu. Waliona kwamba wanawake waliorudi kutoka viwandani wamechoka hununua chakula kibaya, wakafungua jiko la kupika vyakula vyenye kuleta afya kwa bei ndogo. Supu na maharagwe vilipikwa kwa kipimo cha wataalamu. Wanunuzi walikuwa wachache. Mwanamke mmoja alieleza waziwazi kwamba chakula kile bila shaka kina afya, ila yeye hupenda kula akipendacho. Jiko likageuka kuwa nyumba ya kunywea kahawa, na hapo watu wakajaa. Waalimu na mabwana afya wa kila nchi wamepata kujibiwa jibu lile.

Jambo jingine lilifaulu kwa kuwa halikuanzishwa na wakaaji wa nyumba, bali na wasichana wa viwandani wenyewe. Walipogoma kwa sababu ya ujira mdogo, waliona kwamba wa kwanza kushindwa ni wale wanaopanga vyumba kwa watu, maana wakikosa kulipa hutolewa nje. Wakasema, tungekuwa na nyumba yetu tungeweza kulipiana. Mwaka 1891 walianza chama cha kukaa pamoja. Hull House ililipa kodi ya mwezi wa kwanza na kutoa vyombo, na tangu hapo wasichana walijiendesha wenyewe, wakachagua wakubwa wao na kushika hesabu zao. Katika mwaka wa tatu walikuwa kama hamsini.

Sasa yafaa kueleza habari ya takataka. Kando ya njia za mtaa ule palikuwa na masanduku makubwa ya mbao ya kutilia taka. Hayakuzolewa ipasavyo. Matunda yaliyooza, mavi ya farasi na matambara yalifurika, na watoto wadogo walijifunza kupanda juu ya masanduku hayo kabla ya kujua kupanda mti. Watu walikufa wengi katika mtaa ule kuliko katika mitaa mingi ya mji. Wanawake wa Hull House walizunguka vichochoroni, wakaandika kila kosa waliloliona, wakapeleka mashtaka mamia kwa wakuu wa mji. Kukawa hakuna mabadiliko. Mwaka 1895 Bibi Addams akaomba yeye mwenyewe apewe kandarasi ya kuzoa taka za mtaa. Ombi lake lilikataliwa, lakini habari ilienea katika magazeti, na Meya akamfanya mkaguzi wa taka, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka.

Basi saa kumi na mbili asubuhi bibi yule mwenye mgongo mbaya, mtoto wa mjumbe wa baraza, alikuwa njiani kuhakikisha kwamba magari ya farasi yametoka. Aliyafuata mpaka jalalani. Mwenye kandarasi alikuwa na magari tisa. Akalazimishwa kuyaongeza yawe kumi na matatu, kisha kumi na saba. Jirani wengine walishangaa, tena wanawake wengine walichukizwa kumwona mwanamke akifanya kazi ya namna ile. Siku moja wazoaji walichimba taka za njia moja nyembamba, na chini ya futi moja na nusu ya uchafu wakakuta barabara iliyosakafiwa vizuri. Wakaaji wa njia ile hawakujua kwamba iko. Baadaye hesabu ya vifo ilionyesha kwamba mtaa ule, uliokuwa wa tatu katika mji kwa wingi wa vifo, umeshuka hata kuwa wa saba.

Lakini taka huonekana na kila mtu. Mambo ya viwandani yalikuwa ndani ya milango. Katika sikukuu ya kwanza ya Noeli nyumbani humo, wasichana wadogo walipewa peremende. Baadhi yao walizikataa. Walipoulizwa, walisema kwamba wanafanya kazi katika kiwanda cha peremende na hawawezi hata kuzitazama. Kwa majuma sita walikuwa wamefanya kazi tangu saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku. Wakati ule ule wavulana watatu wa chama kimoja cha nyumba ile waliumizwa na mashini moja, kwa sababu haikuwa na kizuizi, ambacho bei yake ilikuwa dola chache tu. Mmoja alikufa. Bibi Addams na wenzake waliwaendea wenye kiwanda, wakidhani kwamba bila shaka watashtuka na kutengeneza mashini. Hawakufanya neno. Wazazi walikuwa wametia saini karatasi kwamba hawatadai kitu mtoto akiumia kwa uzembe wake.

Mwishoni mwa mwaka 1891 alikuja kukaa Hull House mwanamke aitwaye Florence Kelley, mama wa watoto watatu, mtu wa akili kali na ulimi usioogopa. Alitumwa na jimbo achunguze kazi ya kushona nguo majumbani. Wenye maduka waliwapa wanyapara vitambaa vilivyokatwa, wanyapara wakawagawia maskini, na mama na watoto wakashona katika vyumba walimolala, usiku na mchana, kwa senti chache. Bibi Kelley alipanda ngazi za nyumba hizo moja moja, akaandika aliyoyaona: miaka ya kila mtoto, saa za kazi na ujira. Maandishi yake yalitumika barazani, na mwaka 1893 jimbo la Illinois likatunga sheria. Mtoto wa chini ya miaka 14 asiandikwe kazi kiwandani. Wanawake wasifanye kazi zaidi ya saa nane kwa siku. Gavana John Peter Altgeld akamfanya Bibi Kelley mkaguzi mkuu wa viwanda.

Kabla sheria haijapita, Bibi Addams aliambiwa kwamba wenye viwanda wako tayari kuipa nyumba yake dola 50,000, mradi aache shughuli hiyo ya sheria. Fedha hizo zingejenga mengi. Alizikataa, na jambo lililomwumiza zaidi lilikuwa hili, kwamba kulikuwa na watu waliodhani anaweza kununuliwa. Baba yake alikaa barazani miaka kumi na sita, na hapana mtu aliyethubutu kumpelekea rushwa.

Wazazi wengi maskini hawakuipenda sheria ile. Senti za mtoto zilikuwa chakula cha jioni, na mjane mwenye watoto watano hakuona wema wa mkaguzi aliyemwondoa mkubwa wao kazini. Bibi Addams hakuwacheka. Alijua kwamba sheria huwaangukia kwanza wale inaowalinda. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya jimbo iliitangua sehemu ya saa nane za wanawake, lakini sehemu ya watoto ilidumu. Mwaka 1899 ilifunguliwa mjini Chicago mahakama ya kwanza ya watoto, ili mtoto mwenye kosa asichanganywe gerezani na watu wazima. Mkaaji mwingine wa Hull House, Bibi Julia Lathrop, alijitahidi sana katika jambo hilo, na mwaka 1912 akafanywa mkuu wa idara ya serikali ya Marekani ya kuangalia hali ya watoto.

Watoto wa wageni walipata taabu nyingine isiyotajwa katika sheria. Walijifunza Kiingereza shuleni, wakavaa nguo za Kimarekani, wakaanza kuwaonea haya wazazi wao. Bibi Addams alimwona siku moja mwanamke mzee wa Kiitalia ameketi mbele ya mlango akisokota nyuzi kwa kijiti, kama walivyofanya bibi zake. Ndipo, mwaka 1900, alipotengeneza chumba ambamo wazee wa mataifa mbalimbali walionyesha kazi zao: Wasiria, Wagiriki, Warusi, Waitalia. Watu waliona kwa macho jinsi kijiti kilivyozaa gurudumu, na gurudumu likazaa mashini. Msichana mmoja wa Kiitalia alikuwa na desturi ya kupitia mlango mwingine, asionekane pamoja na mama yake aliyefunga kitambaa kichwani na kuvaa viatu vizito. Siku moja aliwakuta waalimu wamemzunguka mama huyo, wakimsifu kwamba hakuna asokotaye kwa kijiti kama yeye. Akauliza, akaelezwa habari za kijiji cha mama yake. Tangu siku ile walipita mlango mmoja.

Ilipofika vita ya mwaka 1914, Bibi Addams aliikataa vita, na hata nchi yake ilipoingia mwaka 1917 hakubadilika. Waliomsifu walimtukana, na baadhi ya marafiki wakaacha kuisaidia nyumba. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, yeye pamoja na Nicholas Murray Butler. Alikufa tarehe 21 Mei 1935. Jeneza liliwekwa katika ukumbi wa Hull House, na maelfu ya watu wakapita mbele yake, wengi wao jirani.

Nyumba iliendelea bila yeye. Lakini mwaka 1961 wakuu wa mji walichagua mtaa ule uwe mahali pa chuo kikuu kipya. Wakaaji walikataa. Aliyewaongoza alikuwa Bibi Florence Scala, mtoto wa fundi cherehani wa Kiitalia, ambaye alipokuwa mdogo alikuwa akienda Hull House. Aliwapeleka wakuu mahakamani, alishindwa. Lilikuwa jambo chungu kwamba mtaa uliofundishwa miaka sabini kusema na wakuu wake ulisema, na haukusikiwa. Wenye kuisimamia Hull House waliuza majengo, na mwaka 1963 karibu yote yakabomolewa. Chama chenyewe kikahamia sehemu nyingine za mji, kikawa na vituo vingi badala ya nyumba moja, na watumishi wa mshahara badala ya wakaaji. Kwa miaka mingi kilitunza watoto wa mchana, watoto yatima na watu wasio na kazi. Fedha zake, hata hivyo, zilitoka zaidi serikalini, na serikali ilipopunguza, madeni yakakizidi. Mwezi wa Januari mwaka 2012 milango ilifungwa.

Majengo mawili yalibaki: nyumba ya matofali ya Bwana Hull, na chumba cha kulia ambamo wakaaji walikula pamoja na wageni wao. Yako kando ya barabara ya Halsted, katikati ya majengo ya chuo kikuu, na tangu mwaka 1967 yamekuwa makumbusho. Darini hamna tena mtungi wa maji.